Edward Saidi Tingatinga: Fundi Aliyefundisha bila Darasa

Mwalimu mwanachuo anapofikia mazoezi ya kufundisha huwa amekwisha kusoma habari za wataalamu wengi wa elimu. Huwafahamu Pestalozzi na Froebel, na huweza kueleza kwa nini mtoto hujifunza vema zaidi kwa kutenda kuliko kwa kusikiliza. Elimu hiyo ni njema na hapana budi ishikwe. Lakini ni wanachuo wachache walioambiwa kwamba mbinu hiyo ya kujifunza kwa kutenda ilipata mfano wake mkubwa hapa hapa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni, na kwamba aliyeitumia alikuwa mtu wa shule kidogo, asiye na cheti cha ualimu wala darasa la kufundishia. Mtu huyo ni Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake sasa limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha yake kwa ufupi, kisha kuutazama ufundishaji wake kwa jicho la mwalimu wa shule ya msingi. Tutaona kwamba maisha hayo yanatuachia swali gumu ambalo kila afundishaye sanaa hana budi kulijibu kabla ya kuingia darasani, nalo ni hili: je, mwanafunzi aige au asiige?

Asili na ujana wake

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma shule kwa miaka michache tu, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa vijijini zama za ukoloni, ambao wakipata kusoma na kuandika walihesabiwa kuwa wamekwisha kupata vya kutosha. Jina la Tingatinga huwachekesha wanafunzi wetu kwa sababu katika Kiswahili tingatinga ni mtambo mkubwa wa kulimia au kusukumia udongo. Mwalimu asiwakataze kucheka, kwani jina linalochekesha halisahauliki.

Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kutafuta kazi. Vijana wengi wa kusini walifanya hivyo, kwa kuwa mashamba makubwa ya mkonge yalikuwa Tanga na katika mikoa ya jirani, nayo yalihitaji nguvu za watu. Tingatinga naye alifanya kazi ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, ambako alikuwa na jamaa zake. Mjini alifanya kazi za nyumbani na za bustani kwa Wazungu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 maofisa wengi wa kikoloni waliondoka, na watumishi wao wakabaki wakitafuta riziki kwa njia nyingine. Tingatinga alifanya vibarua vya namna mbalimbali. Huo ndio uliokuwa ujana wake. Hakuna ndani yake shule ya sanaa wala mfadhili, na hakuna aliyemtabiria kwamba siku moja ataitwa bwana wa sanaa.

Mwaka 1968

Tingatinga alianza kuchora picha za kuuza mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36 hivi. Wakati huo mjini walikuwako wachoraji waliotoka Kongo, ambao picha zao zilinunuliwa na wageni. Inasimuliwa kwamba Tingatinga alipoziona picha hizo alijiona kuwa naye anaweza. Wako pia wataalamu wanaokumbusha kwamba huko kusini alikotoka watu walikuwa na desturi ya kupamba kuta za nyumba kwa michoro, kwa hiyo mkono wake haukuwa mgeni kabisa wa kazi hiyo. Mambo haya mawili hayapingani. Mtu huweza kuchukua wazo kwa jirani na kulitimiza kwa urithi wa kwao.

Yafaa mwalimu azingatie vifaa alivyovitumia. Turubai za wachoraji ziliuzwa ghali, na rangi za madukani za kisanaa zilikuwa ghali vilevile. Tingatinga hakungoja avipate. Alichukua hadibodi, yaani mbao nyembamba zile za kufungia dari za nyumba, zikakatwa vipande vya mraba. Kwa rangi alitumia zile za mafuta zinazopakwa baiskeli, ambazo zilipatikana katika maduka ya kawaida, zikiwa katika makopo madogo. Rangi hizo hung'aa sana, na hazichanganyiki kwa wepesi kama rangi za maji. Kwa sababu hiyo picha zake zikawa na rangi safi zilizotengana, nyekundu ikakaa kama nyekundu na buluu kama buluu. Sifa ambayo leo watazamaji huipenda kuliko zote ilitokana na hali ya kukosa.

Picha zenyewe zilikuwa za muundo ulio wazi. Kwanza ubao wote ulipakwa rangi moja ya chini. Juu yake akachora kiumbe mmoja, tembo au chui au ndege, mwenye umbo kubwa lililoenea karibu ubao mzima. Kisha zikafuata nukta, mistari na mapambo ya ngozi au manyoya. Hakujishughulisha na kivuli wala na masafa ya mbali na karibu. Mnyama wake hafanani na mnyama wa kitabu cha sayansi, bali anafanana na mnyama wa hadithi, mwenye macho yanayomtazama mtu.

Picha hizo ziliuzwa nje ya maduka yaliyojulikana kwa jina la Morogoro Stores, huko Oyster Bay. Mtaa huo tangu zamani ulikaliwa na Wazungu, na baada ya uhuru ukawa makao ya mabalozi na wataalamu wa kigeni. Wanunuzi walikuwa hao hao waliokwenda kununua mboga na mikate. Mwanachuo wa leo anayetoka Wazo au Tegeta kuelekea mjini hana haja ya safari ndefu kupaona mahali hapo, kwani warithi wa Tingatinga wangali wakifanya kazi eneo hilo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya taifa iliyoshughulikia kazi za sanaa nayo ilianza kununua picha zake na kuziuza. Hata hivyo Tingatinga hakutegemea brashi peke yake, kwa maana katika miaka hiyo alipata pia ajira katika Hospitali ya Muhimbili. Alichora katika saa zilizobaki.

Wanagenzi wake

Tunafika sasa kwenye jambo linalowahusu walimu. Picha zilipoanza kununuliwa kwa wingi, Tingatinga angaliweza kuuficha ufundi wake, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi wakigundua kitu chenye faida. Yeye aliwaita ndugu zake na vijana wa kwao kusini, akawafundisha. Miongoni mwa wanagenzi hao wa kwanza tunawajua Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Matamwe, Casper Tedo, Omari Amonde, na nduguye Simon Mpata. Hakuna kati yao aliyekuja kwake na shahada ya sanaa. Walikuja na haja ya kazi.

Hapakuwa na ubao wa chaki, ratiba wala mtihani. Wanagenzi walijifunza kwa kukaa karibu na fundi anayefanya kazi ya kweli, kutazama mkono wake, kisha kuipokea sehemu ya kazi hiyo. Wahenga wetu waliiona njia hii zamani waliponena kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Utaratibu huo umeendelea katika karakana za Tingatinga hata baada yake. Mgeni huanza kwa kutayarisha mbao na kupaka rangi ya chini. Akishaizoea brashi, hujaza rangi katika maumbo yaliyochorwa na mwenziwe. Baadaye huchora mnyama wake mwenyewe kwa kufuata mfano wa wakubwa. Mwisho hutunga picha yake na kuweka jina lake pembeni.

Mwanachuo akiutazama utaratibu huo kwa makini ataona kwamba ni andalio la masomo lililopangwa vema, ingawa halikuandikwa. Kazi imegawanywa katika hatua. Kila hatua ni ndogo kiasi cha kuwezekana, na kila hatua inategemea ile iliyotangulia. Mwanafunzi haachwi hata siku moja bila kazi yenye maana, kwani hata yule anayepaka rangi ya chini anaiona picha ikikamilika na anajua kwamba mkono wake umo. Aidha, rangi ya mafuta hulazimisha subira. Rangi ya chini isipokauka, nukta zitaharibika. Hivyo vifaa vyenyewe vilifundisha nidhamu ambayo mwalimu mwingine huitafuta kwa fimbo.

Kifo chake na kilichobaki

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi usiku mjini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwasaka wahalifu, na walimdhania kuwa mmoja wao. Hakuwa mhalifu. Alikufa akiwa na umri wa miaka 40, akaacha mjane na watoto wadogo. Tangu alipoanza kuuza picha zake hadi kufa kwake ilipita miaka minne tu.

Tuitafakari miaka hiyo minne. Mwalimu aliyeajiriwa huweza kufundisha miaka 30 au zaidi. Tingatinga alipewa minne, tena ya saa za ziada. Kama angaliuweka ufundi wake moyoni mwake peke yake, ungalizikwa naye, na leo pangalikuwa na picha chache katika nyumba za wageni waliokwisha kurudi makwao. Lakini wanagenzi wake walikuwa wamekwisha kushika kazi. Waliendelea kuchora mahali pale pale, wakawaita ndugu zao wengine, na hao wakawaita wengine. Simon Mpata aliuchukua ufundi huo hadi Kenya. Mwaka 1990 wachoraji wa Dar es Salaam waliandikisha chama chao cha ushirika, wakakipa jina la mwalimu wao. Mwaka 2010 watoto wa nchi nyingi walianza kutazama katika televisheni katuni za wanyama zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo na jina la Tingatinga, ingawa wengi wao hawakujua kwamba jina hilo ni la mtu.

Swali la kuiga

Hadi hapa tumemsifu fundi huyu. Lakini mwalimu hana budi kusikiliza upande wa pili pia. Katika miaka ya 1930 mwalimu Mwingereza aitwaye Margaret Trowell, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufa mwaka 1985, alianzisha mjini Kampala madarasa ya uchoraji ambayo baadaye yalikuwa shule ya sanaa ya Makerere. Trowell alikataa wanafunzi wasinakili picha. Mbinu yake ilikuwa kuwasimulia kisa, au kuwaeleza kwa maneno mandhari waliyoijua, kama vile soko au mvua inayokuja, kisha kuwaacha kila mmoja aione picha hiyo moyoni mwake kabla ya kuichora. Aliona kwamba mtoto anayenakili picha ya mtu mwingine hutumia macho na vidole tu, na akili yake hulala. Mmoja wa wanafunzi wake mashuhuri alikuwa Mtanzania Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufa mwaka 1993. Ntiro alichora maisha ya Wachaga kwa kuyakumbuka, akawa mwalimu huko Makerere, na baada ya uhuru akaiwakilisha nchi yetu mjini London.

Basi tuna walimu wawili wanaoonekana kupingana. Mmoja alifundisha kwa kuigwa, na mwingine alikataza kuiga. Anayemlaumu Tingatinga anazo hoja. Ukipita leo mbele ya maduka ya sanaa utaona tembo wengi waliofanana, na twiga wengi waliofanana, waliochorwa haraka kwa ajili ya watalii. Wako wachoraji waliobaki katika hatua ya kunakili maisha yao yote, kwa sababu kilichonakiliwa kiliuzika. Hilo ni kosa la kweli, na mwalimu asilifunike kwa sifa.

Hata hivyo historia inaonyesha kwamba kuiga hakukuwa mwisho wa safari kwa wote. Baadhi ya warithi wa Tingatinga waliacha mnyama mmoja katikati ya ubao, wakachora kijiji kizima, soko, hospitali, harusi, hadithi za mashetani na matukio ya mjini. Mohamed Charinda, kwa mfano, alijulikana kwa picha zinazosimulia visa. Hao walipitia mlango ule ule wa kuiga, lakini hawakukaa mlangoni. Tunaweza kusema kwamba kuiga ni haki ya mwanafunzi anayejifunza namna ya kushika brashi, kutandaza rangi na kusubiri ikauke. Inapofika zamu ya kuamua kitu gani kichorwe, kuiga hakuna tena kazi. Tingatinga anatufundisha jambo la kwanza, na Trowell anatufundisha la pili. Mwalimu mwenye busara atawaweka wote wawili katika andalio moja.

Mambo ya kupeleka darasani

Mwanachuo aliyepangiwa shule yenye wanafunzi wengi na vifaa vichache atauliza namna ya kuanza. Yafuatayo yanaweza kumsaidia.

Kwanza, atafute vifaa mahali alipo. Shule iliyo karibu na Wazo, penye kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1960, haiwezi kukosa mifuko mitupu ya saruji. Karatasi ya mfuko huo ni ngumu na ya rangi ya kahawia, nayo hupokea mchoro vizuri sana. Lakini mwalimu mwenyewe aitayarishe akiwa nje, mbali na watoto: aondoe tabaka la ndani lililogusana na saruji, na ayafute vema yale ya nje, kwa kuwa vumbi la saruji huumiza macho, ngozi na mapafu.

Pili, asiwape watoto rangi za mafuta alizotumia Tingatinga. Mvuke wake ni mkali, na baadhi ya rangi hizo huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto. Mkaa uliosagwa hutoa rangi nyeusi, udongo mwekundu hutoa nyekundu ya matofali, chaki iliyosagwa hutoa nyeupe, na manjano ya jikoni hutoa rangi ya jina lake. Mbegu za mzingefuri hutoa rangi ya machungwa. Uji mwepesi wa unga wa muhogo ukichanganywa humo huishikiza rangi katika karatasi. Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki hutosha kuwa brashi.

Tatu, agawe somo katika vipindi vinne. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi wapake rangi ya chini tu, na mwalimu awaonyeshe kwa mkono wake namna ya kuitandaza. Hapa waige bila aibu. Katika kipindi cha pili mwalimu afute ubao wote, asichore kitu, bali awasimulie kisa kifupi chenye mnyama au mtu, kisha awape dakika chache za kufumba macho na kuiona picha. Ndipo wachore umbo moja kubwa lienee karatasi nzima. Katika kipindi cha tatu wajaze rangi, na katika cha nne waweke nukta na mapambo. Kati ya kipindi na kipindi karatasi zikauke.

Nne, kila mtoto aandike jina lake katika picha yake. Jambo hili huonekana dogo, lakini mtoto aliyeweka jina lake hawezi kusema kwamba kazi ile ni ya mwalimu.

Tano, mwalimu asichore tembo ubaoni na kuwaamuru watoto 60 wamnakili. Akifanya hivyo atapata tembo 60, na atakuwa hajamjua mtoto hata mmoja.

Hitimisho

Somo la sanaa ndilo linaloachwa kwanza shuleni mitihani inapokaribia. Mwalimu husema muda hautoshi, na mkuu wa shule hukubali. Kila tunapolifuta katika ratiba, yafaa tukumbuke kwamba Tingatinga alikuwa mtoto wa shule ya kijijini miaka mingi kabla ya kuwa mchoraji, na kwamba tangu kuiacha shule hadi kuuza picha yake ya kwanza ilipita zaidi ya nusu ya umri wake. Hatuwezi kumrudishia miaka hiyo. Tunachoweza ni kuwachunguza watoto walioko mbele yetu sasa, hasa yule wa nyuma ambaye hesabu zinamshinda na ambaye pembezoni mwa daftari lake mna ndege. Mwalimu akimkuta huyo asimwadhibu kabla ya kumtazama ndege wake vizuri. Kisha ampe karatasi kubwa zaidi.